Marehemu wa Zamu

Mjukuu wangu Hadia alianguka mbele ya ubao siku ya Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, akiwa katikati ya jedwali la saba. Mwalimu alinihakikishia kwamba mtoto hakuwa amekosea hata mara moja. Alifika saba mara nane, akanyamaza, akaenda chini kama kanzu iliyoponyoka kwenye kamba. Alipozinduliwa kwa maji aliomba radhi, akasimama, akasema, "Hamsini na sita."

Nilipoletewa habari hiyo, kwanza nilijivunia jibu, kisha ndipo nikaingiwa na hofu.

Ulikuwa mwaka 1965, muhula wa pili. Mvua zilikuwa zimekosa misimu miwili, na mashamba yetu ya bara, yaliyotulisha watu wa kisiwa cha Pate tangu enzi za babu zetu, yalikuwa yameachwa kwa sababu ya mashifta, waasi wenye bunduki. Kijijini kwetu, mwendo wa nusu saa kwa punda kutoka Mbwajumali, hapakuwa na nyumba yenye chakula cha siku mbili. Wala hapakuwa na nyumba iliyokiri. Kila adhuhuri moshi ulipanda kutoka kila jiko. Wanawake walichemsha maji matupu, wakayakoroga, wakayaonja na kuyapunguza chumvi. Kuni zikaadimika kwa kupikia vitu visivyokuwapo. Baada ya swala wanaume tulikaa barazani, kila mmoja na kijiti chake, tukichokonoa meno ambayo hayakuwa yameshika kitu tangu juzi yake.

"Leo kwenu mumepika nini, Bwana Barka?" jirani yangu Fadhil, mwenye punda watatu, alikuwa akiniuliza.

"Wali wa nazi. Nanyi?"

"Pilau. Tena imebaki. Hatuna wa kumpa."

Nilikuwa karani wa Mudiri, mtawala wa serikali kisiwani, kwa miaka ishirini na miwili, na sijapata kuandika uongo katika karatasi. Niliyoyasema barazani sikuyaandika popote.

Mwalimu wetu alikuwa kijana kutoka Nyeri, Mkristo, jina lake Rufus Ndirangu, mtu mwenye adabu ingawa alitembea haraka kuliko inavyompasa mwalimu. Bila kuishauri kamati ya shule, ambayo mimi nilikuwa mwenyekiti wake, aliandika barua kwa wakubwa akaomba chakula cha wanafunzi. Yakaja magunia manane ya mahindi ya manjano na mawili ya maharagwe, yakashushwa bandarini Mtangawanda, yakaletwa kwa punda wa Fadhil. Mwalimu akavua viatu, akakunja mikono ya shati, akayapika mwenyewe mahindi na maharagwe pamoja, kama wapikavyo kwao, ndani ya pipa.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Watoto sitini na watatu walipanga mstari kwa sababu waliamriwa wapange. Mmoja baada ya mwingine walifika mbele ya pipa, wakaweka mkono kifuani, wakasema, "Ahsante, Mwalimu, nimeshiba," wakaenda kukaa kivulini. Wa mwisho alikuwa wa darasa la kwanza. Naye alikuwa ameshiba.

Mwalimu alinijia alasiri, akinuka moshi.

"Mzee, mimi sielewi. Hawapendi hiyo rangi?"

"Rangi haina kosa."

"Ama ni kwa sababu nimepika mimi, mtu wa bara?"

"Wangekataa hata kama angepika malaika."

"Lakini kwa nini?"

"Wamelelewa," nilimjibu, na sauti yangu haikuficha fahari.

Mtoto wetu hali nje ya kwao. Akila nje, ametangaza kwamba chungu cha kwao ni kitupu, na amemvua nguo baba yake mbele za watu. Somo hilo nilimfundisha Hadia mimi mwenyewe, tangu alipoweza kushika kijiko, kwa maneno na mara mbili kwa ufito. Baba yake alikuwa baharia ambaye barua zake zilikuwa zimekoma, mama yake alikuwa amefariki, na mtoto nilimlea mimi na mke wangu, jina lake Hindu. Katika wote niliopata kuwafundisha, hapana aliyeshika kama yeye.

Kesho yake ndipo alipoanguka.

Nilimbeba mgongoni kumrudisha nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka tisa, na nilimbeba bila ya kupumzika njiani, mimi niliyekuwa na sitini na minne. Nililigundua hilo tulipofika mlangoni.

"Hadia, jana ulikikataa chakula cha shule?"

"Ndiyo, babu."

"Ulikuwa na njaa?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. "Sisi hatuna njaa, babu. Wenye njaa ni watu wa vijiji vingine."

Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno. Nilimlaza, nikamwangalia shingo, ilivyokuwa nyembamba kiasi cha mkono wangu kuizunguka na vidole kukutana. Mke wangu alisimama na mwiko mkononi, anakoroga maji.

Alasiri ile ile niliita kamati. Tulikuwa watatu: mimi, Maalim Mselem, imamu wetu na mwalimu wa Qurani, na Bi Mwanamkisi, mjane, ambaye aliingizwa katika kamati kwa kuwa yeye ndiye mwenye masufuria makubwa ya arusi. Nilifungua kikao kwa utaratibu.

"Wako watoto," nilisema, "sitaji wa nani, ambao huenda, baada ya kushiba kwao, wakaweza kula tena kidogo."

"Watoto wa vijiji vingine," alisema Maalim Mselem.

"Naam. Wa vijiji vingine, wanaosoma hapa."

"Hapana mwana wa kijiji kingine anaosoma hapa," alisema Bi Mwanamkisi. "Wana wenu wanaanguka kama nazi kavu, nanyi mwazunguka ndia ya mbali kutafuta maneno. Haya. Kesho ni hitima ya marehemu mume wangu."

"Bi Mwanamkisi," nilimkumbusha, "mumeo alifariki mwaka wa hamsini na nane."

"Na hata leo amefariki. Ama amerudi, mukanificha?"

Hapo wote watatu tuliona jambo lile lile. Chakula cha hitima hakikataliwi. Aliyesoma juzuu kwa ajili ya marehemu kisha akakataa sahani amemnyima marehemu thawabu zake. Hapana mtoto katika kisiwa kizima aliyefundishwa kukataa chakula cha maiti.

"Mahindi ni ya serikali," alisema Maalim Mselem, ambaye alikuwa mtu wa kupima mambo. "Sadaka ya marehemu hutoka kwa watu wake. Serikali haijafiwa."

"Nazi zitatoka kwangu," alisema Bi Mwanamkisi.

Maalim alizipitisha shanga za tasbihi mara mbili nzima, kisha akatoa hukumu yake. "Mahindi ya serikali, tui la marehemu. Na isomwe hitima ya kweli, juzuu zote thelathini. Hapo sitaona kosa."

Mimi pia sikuliona. Jumatano watoto walisoma, dua ikaombwa, na kufikia saa saba masufuria matatu yalikuwa yamekombwa hata hayakuhitaji kuoshwa. Mwalimu Rufus alisimama kando na kofia mkononi kwa heshima ya marehemu, mdomo wazi. Hadia alishika sahani kwa mikono miwili. Alimrehemu mume wa Bi Mwanamkisi kwa sauti, akala, akafuta sahani kwa kidole, kisha akanijia na swali moja tu.

"Babu, kesho atakufa nani?"

Nilifungua daftari. Nilitia mistari kwa rula: tarehe, jina la marehemu, watu wake, na walichotoa. Kila nyumba ilileta kwa zamu maiti mmoja na kitu cha kumpikia, nazi mbili, kisahani cha chumvi, mzigo wa kuni, samaki alipopatikana. Nyumba ambazo hazingekubali kupokea chembe zilipigania kutoa. Alhamisi akafuata babake Maalim. Jumamosi babangu, Amini bin Barka, aliyekuwa nahodha. Watoto wakaanza kusimama wima. Hadia alirudi katika jedwali la saba, akalimaliza, akaingia la nane.

Utaratibu ulikuwa mzuri, lakini maiti wana watu wao. Fadhil alinijia akilalamika kwamba babake alisomewa siku ya mahindi makavu, ilhali babake jirani aliangukia siku ya papa.

"Papa waliletwa na wavuvi wa Kiwayu," nilimweleza. "Walisikia tumefiwa wakaja kutoa rambirambi."

"Basi na babangu asomewe tena, wakija."

"Zamu yake imekwisha."

"Bwana Barka, wewe babangu humpendi tangu yu hai!"

Zaidi ya hayo, kijiji chetu kilikuwa kidogo, na hata wafu wake hawakuwa wengi. Wiki ya tano tuliwamaliza baba na mama. Wiki ya sita tukaingia kwa mababu, na hapo nyumba mbili zikagombana juu ya babu mmoja, kila moja ikidai ni wake, mpaka Maalim akaamua asomewe mara mbili, Jumatatu kwa huyu na Jumanne kwa yule. Fadhil, kwa kuishiwa, akamleta mama mkwe wake, Bi Saadiya wa Mbwajumali.

"Bi Saadiya yu hai," nilimwambia.

"Lakini yu karibu."

Nilimfukuza. Hata hivyo neno lilikuwa limeshatoka, na siku ya pili, kabla ya dua, Bi Saadiya aliwasili juu ya punda, akaketi safu ya mbele kabisa, akauliza ni nani aliyepewa kumsomea Yasini. Aliambiwa kwamba hitima ya leo si yake. Akasema ni vyema, ila atasubiri chakula. Alikula sahani mbili, akatoa shauri kwamba siku yake itakapofika, tui liwe zito zaidi ya lile.

Siku moja tukakosa mtu kabisa. Watoto walikaa mkekani mbele ya masufuria yanayotoa mvuke, mikono mapajani, na hapana aliyegusa. Ndipo Maalim Mselem akamkumbuka maiti aliyetupwa na bahari ufukweni, zamani, akiwa yeye mwenyewe kijana, ambaye walimwosha na kumzika bila ya kulijua jina lake. Watoto walimsomea mtu yule vizuri kuliko walivyowasomea wa kwao. Niliandika katika daftari, "Mgeni," na katika safu ya watu wake niliandika, "Sisi."

Sasa nieleze kosa, nalo lilikuwa langu. Kila wiki Mwalimu alipeleka fomu kwa ofisi iliyotoa mahindi. Fomu ilikuwa na safu tatu: tarehe, idadi ya waliokula, na sababu ya kutolewa chakula. Mara ya kwanza Mwalimu aliandika, "Njaa." Nililikata neno hilo kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Andika lililo kweli," nilimwambia. "Kifo cha Bwana fulani."

"Lakini mzee, huyu amekufa miaka saba iliyopita."

"Fomu imeuliza amekufa lini?"

"Hapana."

"Basi usijibu usiloulizwa. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kazi."

Tena, kwa kuwa mwandiko wa Mwalimu ulilala upande kama jahazi lililopakiwa vibaya, nilizijaza fomu mimi mwenyewe, kwa wino mweusi, herufi zimesimama. Kwa hiyo mnamo mwezi wa Julai ofisi hiyo ilikuwa na karatasi safi, zenye sahihi ya mwenyekiti, zikionyesha kwamba katika kijiji cha watu mia mbili na kumi, watu arobaini na mmoja wamefariki katika muda wa wiki saba, mmoja kila siku ya shule, na Jumamosi pia.

Ofisi ikatuma watu. Walishuka Mtangawanda, wakapanda punda. Aliyetangulia aliitwa Bwana Phineas, afisa wa afya, mtu wa bara, mnene, mwenye kitambaa cheupe kilichomfunika pua na mdomo. Nyuma yake walifuata watu wawili wenye mabomba ya dawa mgongoni. Wale wenye mabomba walinyunyizia ukuta wa shule, mlango wa shule, na Fadhil, aliyekuwa amesimama mlangoni. Bwana Phineas akaamuru masufuria yafunikwe, watoto wapangwe mstari uwanjani, na mtu asimguse mtu.

"Nani mkuu hapa?"

"Mimi ni mwenyekiti wa kamati," nilisema.

"Pole sana, Mzee. Poleni kwa misiba." Alikuwa mtu mwema, na kitambaa kile kilimpa sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi. "Nimekuja na orodha. Nitaita majina ya waliofariki, na jamaa zao waniambie dalili. Amini Barka!"

"Naam!" aliitikia mtoto wa darasa la pili, mwana wa ndugu yangu.

Bwana Phineas aliangalia karatasi, akamwangalia mtoto. "Wewe ni Amini Barka?"

"Naam."

"Hapa imeandikwa umekufa mwezi wa tano."

Mtoto alinigeukia kutaka kujua kama inafaa kumpinga afisa wa serikali.

"Huyo ni mjukuu," alieleza Maalim Mselem. "Marehemu ni babu. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake."

"Sawa. Mwanamkisi Mselem!"

"Abee!" waliitika wasichana wawili kwa pamoja, wote wamepewa jina la bibi mmoja.

Aliita majina kumi na mawili, na wafu kumi na mmoja wakaitika wakiwa na afya njema. Mmoja tu hakuitika, kwa kuwa alikuwa ametumwa maji. Bwana Phineas alijifuta jasho juu ya kitambaa. Akaomba aonyeshwe makaburi. Tulimpeleka, akayapitia yote akiwa ameinama, na jipya kuliko yote lilikuwa la mume wa Bi Mwanamkisi, limeshaota majani.

"Haya ni ya zamani," alisema.

"Marehemu nao ni wa zamani," nilimjibu.

"Wapya mmewazika wapi?"

"Hapana wapya."

"Mzee, watu arobaini na mmoja!"

"Hawa hawa. Huyu alifariki mwaka wa thelathini na mbili. Yule wakati wa vita vya Wajerumani. Wale wa pale kabla sijazaliwa."

Tulirudi uwanjani. Aliketi juu ya gunia, akafikiri kwa muda mrefu, na kijiji kizima kikasimama kumtazama akifikiri. Kisha akainua kichwa, akauliza swali ambalo, baada ya wiki saba zile, lilikuwa la haki kabisa.

"Kama hakufa mtu, kwa nini watoto walikula?"

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake lilikuwa neno moja, na neno hilo lilikuwa halijapata kutamkwa na mtu wa kijiji chetu kwa kujisemea mwenyewe. Niliona macho ya wanaume yakishuka kwenye vidole vya miguu. Niliona macho ya wake zao yakiwatazama.

Ndipo Fadhil akakohoa.

Huenda kweli dawa ile ilikuwa imemwingia kooni. Lakini Bwana Phineas alishtuka, akarudi nyuma hatua moja, na Fadhil aliona alivyoshtuka. Akakohoa tena, safari hii kwa kujipinda, mkono kifuani.

"Una siku ngapi?" aliuliza Bwana Phineas.

"Nyingi, Bwana. Wote tuna siku nyingi."

Maalim Mselem, ambaye sikupata kumwona akisema lisilo kweli, hakusema kitu, ila alisafisha koo. Mwingine akakohoa kule nyuma, na mwingine. Mara kijiji kizima kilikuwa kinakohoa, wazee kwa vijana, na Bi Saadiya, aliyekuwa amekuja kula, alikohoa kwa kishindo kuliko wote. Nilimvuta Fadhil kando kwa mkono wa kanzu.

"Unafanya nini?"

"Bwana Barka, maradhi yamempata hata Sultani," alininong'oneza. "Mtu akiumwa, watu humpa pole. Akisema hana chakula watamwambia nini? Nti nzima itatucheka. Kohoa!"

Bwana Phineas alikuwa ameshatoa kalamu, na uso wake, kwa kadiri ulivyoonekana, ulikuwa umepata raha ya mtu aliyekuta kitu kiko mahali pake. Alisoma amri huku akiiandika. Shule imefungwa. Watoto wote, ambao bado hawajaonyesha dalili, watatengwa katika mahema karibu na Mtangawanda kwa siku arobaini, kila mmoja na chakula chake kutoka kwao. Kula pamoja ni marufuku. Mahindi yaliyobaki, magunia mawili, yamwagwe baharini.

"Kila mtoto ale kilichotoka kwao?" nilimwuliza.

"Kilichotoka kwao tu, Mzee. Nyumba zenu si zina chakula?"

"Zina," alisema Fadhil, akakohoa.

Wale watu wawili walianza kuwaongoza watoto. Mwalimu Rufus alisimama mbele yao, akaambiwa asogee, akanitazama. Yeye angeweza kulisema neno lile mwenyewe. Alikuwa ameshaliandika mara moja, na mimi nikalikata. Hadia alikuwa wa tano katika mstari. Hakulia wala hakuniita. Alitembea wima, kama nilivyomfundisha, kuelekea siku arobaini za kula kilichotoka kwetu, na kwetu kulikuwa na maji na chumvi.

"Bwana Phineas," nilisema. "Walikula kwa sababu walikuwa na njaa."

Kukohoa kulikatika.

"Njaa?" alisema Bwana Phineas. "Nani?"

"Watoto."

"Watoto wa nani?"

Hapo ningeweza kusema wa vijiji vingine. Ulimi ulikuwa umeshalizoea neno hilo. "Wa nyumba yangu," nilisema. "Nyumbani kwangu hakuna chakula. Mke wangu hukoroga maji. Mjukuu wangu yule pale, wa tano, alianguka mbele ya ubao kwa njaa, na aliyemfundisha kukataa chakula ni mimi."

Bwana Phineas alishusha kitambaa. Chini yake alikuwa na masharubu madogo na uso wa kijana. "Mzee, una hakika?" aliniuliza kwa upole, kama anayenipa nafasi ya kurudi nyuma. "Ugonjwa naweza kuuandika sasa hivi. Njaa inataka fomu nyingine, na mkuu wa nyumba aijaze kwa mkono wake, mbele ya mashahidi."

"Nipe hiyo fomu."

Niliijaza juu ya mgongo wa Mwalimu Rufus, aliyeinama kwa hiari yake. Palipoandikwa "Chakula kilichopo nyumbani" niliandika, "Hakuna." Palipoandikwa "Tangu lini" niliandika, "Mfungo Mosi," na kwa kuwa utaratibu ulitaka mashahidi wasikie, niliisoma yote kwa sauti. Nilitia sahihi kamili, na jina la babangu.

"Mfungo Mosi?" sauti ya Fadhil ilitoka nyuma yangu. "Mfungo Mosi tu? Mimi ni tangu Shaabani!"

"Wewe kila siku ulikuwa unapika pilau."

"Pilau ya nini, Bwana Barka! Nitoe wapi pilau? Bwana Afisa, andika Shaabani."

"Shaabani nanyi mulikuwa na mhogo, naliuona," alisema mke wa jirani yake. "Sisi ni tangu Rajabu. Ramadhani ilitukuta tushafunga."

Kufikia alasiri hapakuwa na mtu aliyekohoa, na Bwana Phineas alikuwa ameishiwa na fomu. Wanaume ambao kwa miezi mingi waliapa kwamba wamevimbiwa walisukumana mstarini, kila mmoja akihofu kwamba mwenzake ataandikwa ana njaa zaidi yake. Maalim Mselem aliandikisha yake kwa utulivu, akaomba msamaha wa Mungu kwa kusafisha koo. Nyumba mbili za babu mmoja ziligombana kuhusu ipi iliyoanza kukosa. Bi Saadiya alijaza fomu ya Mbwajumali yote. Jua liliposhuka, maafisa walipanda punda wao, fomu zimefungwa kwa kamba, amri ya karantini imechanwa, na magunia mawili yameachwa pale yalipokuwa. Mengine, alisema Bwana Phineas, yatakuja kwa jina la njaa.

Ilibaki siku iliyofuata. Hapakuwa na marehemu. Daftari nilikuwa nimelifunga. Bi Mwanamkisi alipika kama kawaida, mikeka ikatandikwa, watoto wakaketi mbele ya sahani zilizojaa. Dua ya kumaliza masomo haikuwapo, kwa kuwa hapakusomwa kitu. Wakangoja.

"Kuleni," alisema Mwalimu Rufus.

Mikono ilibaki mapajani. Jozi sitini na mbili za macho zilimgeukia Hadia, kwa kuwa ndiye aliyejulikana kuwa mjuzi wa adabu, na Hadia akanigeukia mimi.

"Babu, leo ni cha nani?"

"Ni chenu."

Alifikiri. Alikuwa akilitafuta kosa katika jibu langu, na angelipata. Nikavua viatu, nikaingia mkekani, nikaketi kati yake na Amini. Katika umri wangu wote sikuwa nimekula chakula cha nje bila ya arusi wala kifo, tena mchana, mlango wa shule wazi, na watu wanapita njiani. Fadhil alipita na punda wake, akasimama kabisa ili aone vizuri. Nilisema bismillahi, nikatia mkono katika sahani, nikala.

Hadia alinitazama nikitafuna mpaka nikameza. Kisha akala yeye, na wote wakala.

Mahindi hayakuwa yameiva sawasawa, na tui lilikuwa jepesi. Nilimwambia hivyo Bi Mwanamkisi, kwa kuwa kazi yangu ya uenyekiti ilinipasa kumwambia. Akaniuliza kama basi aiondoe sahani. Nikamwambia asiiondoe, bali aongeze.